Alama za Wandera

Msajili, umeniandikia mara mbili
ukiuliza themanini na moja hizi zimetoka wapi,
kwa kijana ambaye hakuuza hata skrubu.
Nakujibu kwa mkono, maana fomu yako
ina kisanduku kimoja tu cha maelezo,
na Soroti nzima haiingii kisandukuni.

Somo lenyewe nilitupiwa. Wenzangu walilikwepa:
"Ujasiriamali? Hilo la watu wa biashara."
Mimi ni mtu wa mashine. Najua ekseli
itapinda wapi kabla haijapinda.
Kuuza sijawahi, hata kalamu.
Juma la kwanza nilisoma slaidi za mtu mwingine
mpaka Asekenye, kiti cha nyuma, akapiga mwayo
uliosikika hadi karakana.

Juma la pili nilifunga darasa, sote tukiwa nje.
Tukabeba mashine yao ya kubangua karanga:
rangi ya buluu, mota mpya,
ufanisi asilimia tisini na nne, kwenye karatasi.
Tukaishusha sokoni, ubavuni mwa mafungu ya mihogo mikavu,
na wanangu wakasimama kando yake
kama wachumba waliopungukiwa mahari.

Akaja Mama Amuge, vumbi la maganda hadi viwikoni.
Ufanisi hakuuliza.
"Inavunja ngapi?
Iliyovunjika hakuna anayeinunua kwa mbegu.
Umeme ukikatika nifanye nayo nini, niikalie?
Na ikiharibika nikupigie simu,
au nisubiri kwanza uhitimu?"
Soko likacheka. Tumwekwase akafungua daftari,
akalifunga, akalifungua tena.

Nami nikamkumbuka mama yangu,
aliyekaanga kabalagala kando ya barabara ya Kumi,
akanilipia ada ya uhandisi kwa sarafu zenye mafuta.
Mteja akibakiza kipande, alimfuata:
"Leo imekosa nini?"
Miaka ishirini nimejaza mbao kwa chaki,
swali lile sikuliandika hata mara moja.

Kufikia juma la tisa Asekenye alikuwa ameng'oa mota,
amefunga pedali za baiskeli kuukuu.
Bado haikununuliwa. Bei iliwashinda.
Basi akaacha kuuza mashine, akauza kazi yake:
shilingi mia tano kwa beseni,
akiisukuma kwenye toroli nyumba hadi nyumba.
Sasa ana foleni. Sasa hahudhurii mihadhara yangu,
na kila akikosa ananiletea kifungu cha karanga,
nisijue kama ni rushwa au ni ripoti.

Na Wandera?
Wandera aliunda sanduku la kukaushia mihogo kwa jua.
Alilipeleka kwa watu arobaini na watatu,
na arobaini na watatu wakamwambia hapana.
Mimi ningeishia kwa wa tatu.
Yeye aliandika kila hapana: jina, siku, sababu.
"Kifuniko kizito, nina mgongo."
"Kioo hicho ni cha mbuzi wangu kuvunja."
"Mwenye pesa ni mume wangu, na hayupo."
"Jua ninalo bure. Sanduku lake la nini?"
Wa ishirini na saba hakutoa sababu; alimpa maji.
Wandera aliandika hilo pia.

Nimepima mizigo mingi katika kazi hii,
tani juu ya daraja, kilo juu ya kamba.
Daftari lile la kurasa tisini na sita
nililishika kwa mikono miwili.

Kama ni lazima kisanduku kijazwe,
andika: alisikiliza.
Kama wakubwa hawatalikubali neno hilo,
waachie namba.
Ila daftari unirudishie kabla ya Jumatatu, tafadhali.
Amekata kifuniko, amekifanya chepesi,
na asubuhi anarudi kwa yule wa kwanza.